Bomba limefungwa tepu na bado limeoza? Soma dalili kwanza ndo ufunge upya

Masika ikiisha tu huku kwetu Arusha na Moshi maneno ni yale yale, fundi hili bomba tulilifunga tepu ya kuzuia kutu, praima (ile ya kupaka kwanza ili tepu ishike) tukapaka, mbona limetoboka tena? Na jibu la haraka linalotolewa ni kwamba tepu ilikuwa feki. Feki zipo, sikatai, ila mara nyingi unakuta tepu haina kosa lolote, kosa liko kwenye chuma kabla tepu haijakigusa au liko kwenye udongo uliorudishwa mtaroni. Mnanunua roli nyingine kwa bei mbaya, mnafunga vile vile, masika ijayo mnafukua tena.

Haya ni ya wenye mabomba ya chuma yaliyofukiwa: laini ya umwagiliaji ya shamba la kahawa, bomba la maji la hoteli au shule, laini ya dizeli kutoka kwenye tenki kwenda kwenye jenereta, kituo cha mafuta. Wenye plastiki pumzikeni, hayawahusu.

Kitu cha kwanza ni hiki. Ukifukua usichane tepu ya zamani ukaitupa pembeni, hiyo tepu ndo shahidi wako. Kabla hujakata chochote piga mstari wa chaki mgongoni mwa bomba na mshale wa maji yanakoelekea, maana kipande kikishatoka hamna atakayekumbuka upande upi ulikuwa mgongo na upi tumbo, na hilo linabadilisha jibu kabisa. Piga picha, alafu chana taratibu kwa kisu ukiangalia mambo matatu: gundi imebaki wapi, kuna maji gani chini yake, na kutu imekaa sehemu gani. Beba brashi ya waya, tochi, kioo kidogo cha kutazamia tumbo la bomba bila kulala kwenye matope, karatasi za kupimia pH, yaani kama maji ni ya asidi au ya magadi (wauza vifaa vya mabwawa ya kuogelea wanazo), maltimita na kichupa cha asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji mengi. Karatasi ya pH ibandike hapo hapo unapochana, ukichelewa yale maji yanachanganyika na ya mtaroni na kipimo hakina maana tena.

Kwa kifupi chuma kinaozaje chini ya ardhi: sehemu moja ya bomba inatoa umeme kuingia kwenye udongo wenye unyevu, sehemu nyingine inaupokea, na ile inayotoa ndo inaliwa. Ampea moja ikitoka hivyo mwaka mzima inaondoka na chuma kilo 9 hivi. Kazi ya tepu au koti yoyote ni kutenganisha chuma na huo unyevu, basi. Na kwa kuwa hamna koti isiyo na hata kitundu, ule umeme mdogo uliobaki wote unatokea kwenye hicho kitundu, ndo maana bomba lililofungwa vibaya linaweza kutoboka upesi kuliko lililoachwa tupu bila tepu, lile tupu linaliwa kidogo kidogo kila mahali lakini hili linachimbwa shimo moja.

DALILI: tepu inabanduka yote kwa mkupuo, gundi imekuja na tepu, chuma kimebaki kitupu

Hii ndo inayoongoza. Ukivuta tepu na inatoka kama plasta iliyolowa, alafu chini unaona chuma cheusi kinachong'aa au kutu ya unga, tepu haikuwahi kushika. Jaribio lake ni rahisi na lifanyike pia kwenye kazi mpya baada ya siku moja hivi: kata ukanda wa upana wa sentimita 2, inua ncha kwa kisu, vuta kwa nguvu sawa. Ikiwa gundi imechanika katikati, nusu imebaki kwenye bomba nusu kwenye tepu, praima na usafi vilikuwa sawa. Ikiwa bomba limebaki safi kama limepanguswa, tatizo ni maandalizi na huna haja ya kumlaumu mwenye duka.

Maandalizi yanaharibikia wapi? Kwanza magamba meusi ya kiwandani, ile ngozi ya bluu-nyeusi inayokuja na bomba jipya. Watu wanaiona inang'aa wanadhani ni chuma kizuri. Ile sio chuma, na mbaya zaidi ikikaa pamoja na chuma chenyewe penye unyevu, chuma ndo kinaliwa kuilinda yenyewe. Itoke. Kwenye kazi kubwa bomba linapigwa mchanga mpaka kiwango kinaitwa Sa 2½, chuma kinakuwa cha kijivu chote isipokuwa vivuli vidogo vidogo. Kwa kazi za mtaani grainda yenye brashi ya waya inatosha kwa tepu nyingi za kufunga kwa baridi, kiwango chake kinaitwa St 2 au St 3, ila angalia brashi isije ikapolishi chuma kikawa laini kama kioo, praima inataka mikwaruzo ya kushikia. Bomba la GI (chuma kilichovalishwa zinki) nalo ni laini mno, lipitishe msasa kidogo bila kumaliza zinki.

Pili, mafuta. Kuna tabia ya kupangusa bomba kwa dizeli au mafuta ya taa "kulisafisha". Dizeli inaacha utando, sasa utando huo ndo praima yako inaukalia. Tumia thina na kitambaa safi, na ubadilishe kitambaa, sio kile kile kinahamisha grisi kutoka futi hii kwenda futi ile.

Tatu ni umande, na hapa huku kwetu pana mambo. Juni na Julai asubuhi za Arusha zina baridi na ukungu, bomba lililolala mtaroni usiku kucha linakuwa la baridi kuliko hewa, kwa hiyo linatoa jasho ambalo huwezi hata kuliona. Kanuni ya kazi hizi ni chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kile kiwango cha hewa kuanza kutoa umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kama huna kipimo, anza kazi jua likishapanda vizuri na bomba uliguse na karatasi kavu ya tishu kwanza, mgongoni na tumboni pia.

Alafu kuna kesi ambayo jua halisaidii: bomba lenye maji ya chemchemi kutoka mlimani yanayopita muda wote. Maji yale ni ya baridi, hewa ya mchana ya Moshi ina joto, bomba linatoa jasho kutwa nzima, unakausha kwa kitambaa ukigeuka limeshalowa tena. Hapo kuna njia mbili tu. Funga koki maji yasimame bomba lipate joto, au kama maji hayawezi kukatwa acha tepu ya polithini kabisa, tumia ile tepu ya kitambaa iliyoloweshwa grisi ya petrolatamu, Denso ndo jina linalojulikana zaidi. Ile unaipaka kwa mkono na praima yake ya grisi, inasukuma unyevu pembeni, inakubali chuma chenye majimaji. Inachafua mikono na nguo na mafundi vijana hawaipendi, lakini kwa valvu, flenji (zile sahani za kuungia bomba kwa bolti) na mabomba yanayotoa jasho sijaona cha kuishinda.

Na praima yenyewe. Nyingi zinatakiwa zikauke mpaka ukigusa kwa kidole inanata bila kuchafua kidole. Ukifunga ikiwa bado mbichi ile thina inabaki chini inatafuta pa kutokea, unapata mapovu. Zipo zinazotaka kufungwa zikiwa bado na unyevu, kwa hiyo soma kopo, na praima iwe ya kampuni ile ile ya tepu. Kuchanganya praima ya lami na tepu ya gundi ya butili (aina ya mpira) kwa sababu "zote ni nyeusi" ni kutafuta kazi ya mwakani.

DALILI: tepu imeshika vizuri ila kuna mstari wa kutu unaofuata welding au unaofuata mzunguko wa tepu

Mstari ukifuata welding, tepu ilijenga hema. Welding imenyanyuka, tepu ikapita juu yake ikaacha kanjia pembeni kila upande, maji yakiingia sehemu moja yanatembea bomba zima humo ndani kama mfereji. Dawa ni kusaga vichomozo, alafu kujaza mastiki (ule udongo laini wa kuzibia) pembeni mwa welding ili bonde liwe mteremko, ndo tepu ipite. Kwa flenji na valvu hivyo hivyo, jaza kwanza mpaka umbo liwe la mviringo mviringo.

Mstari ukizunguka bomba kama springi, angalia tepu ilivyolaliana. Wabanaji wa matumizi wanapandisha kidole kimoja tu ili roli iende mbali. Kama kazi ni tepu moja bila ya nje, pandisha nusu ya upana na ushee kidogo, yaani kila sehemu ya bomba iwe na tepu mbili. Mvuto uwe sawa mwanzo mpaka mwisho: ikilegea inaacha mikunjo, ukiivuta mpaka unaona kwa macho imepungua upana umezidisha, itataka kurudi ilikotoka na itafunguka pale inapopandana. Kwenye mteremko (na huku nani hana mteremko) anza kufunga kutoka chini kwenda juu, tepu ya juu iilalie ya chini kama bati la paa, maji yanayoshuka yasikute mdomo wazi.

DALILI: tepu imekunjamana, imejisukuma upande mmoja, tumboni inaning'inia kama soksi iliyolegea

Huo ni udongo. Ule mweusi wa mbuga unavimba masika na kupasuka kiangazi, na kila ukivimba na kusinyaa unashika tepu na kuiburuta. Ukishuka kutoka Moshi mjini kwenda tambarare au ukitoka Arusha kuelekea mbugani unakutana nao, juu milimani kwenye udongo mwekundu tatizo hili ni dogo. Bomba nene nalo lina uzito wake, linakaa na kuponda tepu ya tumboni. Mikunjo ikishatokea inakuwa njia ya maji, na kutu utaikuta ubavuni chini kidogo, sio mgongoni.

Kufunga upya kwa tepu ile ile nyembamba moja ni kupoteza hela. Weka mfumo wa tepu mbili, ya ndani nyeusi ya kuzuia kutu na ya nje ya kuilinda isiburutwe, na badala ya kurudishia ule udongo mweusi zungushia bomba mchanga wa mtoni sentimita 15 pande zote, tumboni pia, watu wanasahau tumboni. Kama unajenga laini mpya ya kilomita kadhaa kwenye mbuga usianze hata na tepu, nunua mabomba yaliyokotiwa kiwandani, epoksi au yale ya tabaka tatu za epoksi, gundi na polithini, kisha ushughulike na maungio tu. Hata bomba la mafuta ghafi la EACOP la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani Tanga, mabomba ni ya kuvalishwa kinga kiwandani kule Sojo mkoani Tabora, lakini kila ungio la welding lazima livalishwe porini pale pale mtaroni, na kwenye laini yoyote ungio la porini ndo la kutiliwa mashaka kwanza.

DALILI: tundu moja au mawili tu, pembeni koti ni zima kabisa

Tafuta jiwe. Udongo wetu umejaa mawe ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, mengine yana kingo kama msumeno, na vibarua wakirudishia mtaro jioni wanataka kwenda nyumbani, kila kitu kinasukumwa humo. Utaona tepu imebonyea au imekatika kwa umbo lile lile la jiwe lililopo pembeni. Mara nyingine sio jiwe ni koleo, sururu au mnyororo wa kushushia bomba, badala ya mkanda mpana wa kitambaa.

Kabla ya kufukia kuna mashine ya cheche ya kutafuta vitundu, unapitisha springi yake juu ya koti, penye tundu inapiga cheche na kulia. Koti ya unene wa milimita 1 inapimwa kwa kama kilovolti 8, ya milimita 3 karibu kilovolti 14, ila fuata karatasi ya mtengenezaji maana ukizidisha unatoboa koti nzima kwa mkono wako. Na usithubutu kuiwasha kwenye shimo la kituo cha mafuta au karibu na tenki lenye mvuke. Wengi hawana hiyo mashine, basi pitisha kiganja na kioo chako kila mita, lala chini uone tumbo.

Na kuhusu cha kufukia nacho: majivu na mabaki ya mkaa yasiingie mtaroni kabisa. Kaboni ikigusa chuma kwenye tundu inakifanya kiliwe kwa kasi, na nimeona mitaro inayopita uani kwa watu ambayo nusu yake ni majivu ya jikoni.

DALILI: chini ya tepu kuna uji mweusi, unanuka yai bovu

Bakteria. Wapo wanaoishi pasipo hewa wanaokula salfeti na kutoa gesi ya salfaidi, nayo inageuza chuma kuwa ule uji mweusi. Ukikwangua chini yake unakuta chuma cheupe kinachong'aa chenye vishimo vya duara. Weka tone la asidi kwenye ule weusi, harufu ya yai bovu ikipanda umeshapata jibu (usiinamie, ile gesi ni sumu, na mtaro hauna upepo). Wanapenda udongo mzito uliolowa usio na hewa, wenye uchafu wa kuoza, kwa hiyo angalia bomba limepita wapi: chini ya mifongo (mifereji ya asili ya maji) inayovuja, karibu na zizi, au pale maji ya mashine ya kukoboa kahawa mbivu yanapomwagwa. Hapa kufunga tu hakutoshi. Elekeza hayo maji kwingine, safisha chuma mpaka vishimoni, acha kikauke, funga kwa kitu kinachoshika bila kuacha nafasi hata ndogo, maana wale wanaishi humo humo kwenye nafasi. Tepu yenye kitambaa cha asili kama jutu usiitumie, wanaila.

DALILI: kipande kipya kimetoboka kabla ya bomba la zamani

Hii inawachanganya watu wengi na wanaishia kugombana na muuza mabomba. Bomba la zamani lenye kutu na jipya linalong'aa yakiunganishwa, jipya ndo linatoa umeme na kuliwa. Ukipima kwa maltimita na elektrodi ya shaba na mrututu (kijiti cha shaba kwenye maji ya mrututu, kinagusa udongo), jipya utalikuta pengine kwenye milivolti 700 hasi na la zamani lenye kutu nyingi kwenye 300 au 400 hasi, tofauti hiyo ndo inayolila. Ukifunga tepu kipande kipya peke yake na kuacha la zamani tupu umeharibu zaidi, kwa sababu sasa lile refu lote linanyonya kupitia kitundu kimoja cha jipya. Bora ufunge la zamani. Kama huwezi kufunga yote tenganisha kwa flenji yenye kihami, gasketi ya kuhami na mabushi kwenye bolti, alafu pima kuhakikisha umeme haupiti kati ya pande hizo mbili.

Ndugu wa tatizo hili ni waya wa athi. Fundi umeme amegongea nondo ya shaba ardhini na kufunga athi kwenye bomba la maji kwa sababu lilikuwa karibu. Shaba nayo inalila bomba lako. Kwa laini ya maji tenganisha bomba kwa kihami kabla halijaingia nyumbani, ila usikate athi yenyewe hovyo, mwite fundi umeme mwenye leseni aihamishe. Na nondo za zege hivyo hivyo, bomba likipita ukutani na kugusa nondo, futi moja mbili za nje ya ukuta ndo zinaoza, pitisha bomba ndani ya slivu ya plastiki lisiguse kitu.

DALILI: kutu pale bomba linapotoka ardhini

Hii fupi. Jua la huku limeichoma tepu nyeupe ikapasuka, au tepu iliishia usawa wa udongo kabisa, ambapo unyevu na hewa vinakutana. Tepu ivuke angalau sentimita 30 juu na 30 chini, na sehemu ya juu ipakwe rangi au ifungwe tepu inayovumilia jua. Basi.

DALILI: anodi zipo, kipimo kiko vizuri, na bado chini ya tepu kuna kutu

Kwa wenye kinga ya kathodi, yaani magnesiamu (ndo anodi) zimefukiwa pembeni na kuunganishwa kwa waya ili ziliwe badala ya bomba. Kipimo kinachotakiwa ni milivolti 850 hasi au zaidi ya hapo kwa elektrodi ya shaba na mrututu (ule ule wa kupulizia kahawa, ukoroge mpaka fuwele zibaki chini haziyeyuki tena). Pima umeme wa kinga ukiwa umekatwa muda huo huo, maana ukipima ukiwa umewaka unajumlisha na volti zinazopotelea kwenye udongo, unajidanganya.

Sasa kipimo ni 900 hasi na kutu ipo, inakuwaje? Polithini haipitishi umeme. Tepu ikishabanduka bila kupasuka maji yanaingia chini yake lakini umeme wa kinga haukifikii chuma, tepu imekinga chuma dhidi ya kinga yake. Karatasi ya pH ndo inasema: maji ya chini ya tepu yakiwa juu ya 9, umeme ulifika na chuma utakikuta kizuri na unga mweupe mweupe. Yakiwa 6 au 7 na kutu ya kahawia, haukufika, na kuongeza magnesiamu hakusaidii chochote, toa hiyo tepu. Kumbuka tu sehemu zenye magadi, kama Ngarenanyuki, maji ya udongo yenyewe yana pH kubwa, kwa hiyo pima na ya mtaroni ulinganishe.

Kinyume chake nako kupo, wenye transfoma na rektifaya (wanaotoa kinga kwa umeme wa mtambo badala ya magnesiamu) wanapandisha mpaka inapita milivolti 1,200 hasi wakidhani wanaongeza ulinzi. Hapo umeme unaanza kuibandua koti wenyewe kuanzia kwenye kingo za kila kitundu. Punguza.

DALILI: vishimo vya duara karibu na laini kubwa ya umeme

Bomba refu lililokotiwa vizuri likienda sambamba na laini ya volti kubwa, mfano ile ya kilovolti 400 ya Singida, Arusha hadi Namanga, linaokota umeme bila kuguswa. Na kadiri koti ilivyo nzuri ndivyo umeme unavyobanana kutokea kwenye vitundu vichache. Pima volti za AC kati ya bomba na ardhi, zikizidi 15 usishike bomba kwa mkono mtupu, toka mtaroni utafute mtaalamu, hiyo sio kazi ya tepu. Reli ya Tanga, Moshi na Arusha wanaisingizia bure, treni zake ni za dizeli, haina umeme wa kuvujia ardhini.

Vya kuacha kabisa: tepu ya umeme ya fundi wa nyumba (nyembamba mno na inakauka), vipande vya tyubu ya baiskeli, mifuko ya nailoni, oili chafu. Hivi vyote vinashika maji dhidi ya chuma badala ya kuyazuia. Tyubu inafaa kuziba mvujo usiku mmoja mpaka duka lifunguliwe, ikizidi hapo ni wewe.

Na kwenye mashamba ya zamani ukifukua bomba lenye lami nene iliyozungushiwa kitu kama karatasi ngumu ya kijivu yenye nyuzinyuzi, usipige grainda. Hiyo inaweza kuwa asibestosi, vumbi lake linaharibu mapafu. Lowesha kwa maji, weka watu mbali, tafuta wanaojua kuitoa.

Kama umeshasoma dalili na kurekebisha, kabla hujafukia chomelea au funga waya wa shaba wenye ganda kwenye bomba, fungia ungio lake kwa mastiki na tepu kama bomba lenyewe, ulete juu mpaka ndani ya boksi la valvu. Pima milivolti hapo hapo kwa elektrodi ile, uandike namba na tarehe kwa rangi chini ya mfuniko. Masika ijayo unapima bila kushika koleo, na kama namba imeruka sana unajua pa kuanzia kuchimba.